Kwa Nini Mawe ya Tochi Hutoa Maji

Wanachama kadha wa kadha wametuuliza jambo ambalo kwa nje laonekana dogo: kwa nini mawe ya tochi hutoa maji, na yakishatoa maji, je, tochi ile ni ya kutupwa au yaweza kupona? Kwa mkulima wa karafuu swali hili si dogo hata kidogo. Karafuu zikishachumwa na kutolewa makonyo huanikwa siku kadhaa, na jioni hukusanywa zikafunikwa. Mvua haipigi hodi. Upepo wa usiku ukifunua turubali, mwenye mali ana dakika chache tu za kuinuka, kuwasha tochi na kuziokoa. Akibonyeza tochi ikakataa, karafuu zilizolowa huchacha, na zikija kukauka ni mpeta. Bei ya tochi twaijua; na hasara ya mpeta kila mmoja wetu aijua zaidi.

Maelezo tuliyoyapata yametoka mbali sana na mikarafuu yetu. Tulikwenda mkoa wa Songwe, kusini-magharibi ya Tanzania Bara, kutazama jinsi wenzetu wa Mbozi wanavyokausha kahawa. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu ni Vwawa. Kahawa ya huko huoshwa, kisha huanikwa juu ya vichanja virefu vilivyotandikwa wavu, na usiku hufunikwa na kulindwa. Walinzi hukaa na tochi, na baridi ya nyanda zile si mchezo. Basi tukaona kwamba shida yetu na yao ni moja, ila sisi twatokwa jasho na wao watetemeka.

Kutoka Vwawa tulishuka hadi Tunduma, mji wa mpakani. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, Zambia, na mgeni asiyetazama vibao hajui wapi nchi moja yaishia na nyingine yaanzia. Barabara kuu ya kwenda Zambia hupita hapo, na reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, iliyoanza kazi katikati ya miaka ya 1970, nayo hupita hapo. Malori yenye shaba ya Zambia na ya Kongo hupanga foleni ndefu. Palipo na malori yanayolala njiani pana biashara ya tochi, redio na betri, na palipo na biashara hiyo pana mafundi. Katika kibanda cha fundi mmoja wa redio tulikuta sanduku limejaa tochi, redio ndogo, saa za ukutani na mizani. Fundi alitueleza kwamba sehemu kubwa ya vitu vile haikuvunjika wala kuungua. Imeliwa. Alifungua tochi moja akatuonyesha springi iliyogeuka unga wa kijani, na jiwe lililonata ndani hata halitoki.

Sasa tueleze sababu yake. Watu wengi hudhani kwamba jiwe la tochi limejazwa umeme kama mtungi ulivyojazwa maji, na umeme ukiisha ndani hubaki tupu. Sivyo. Jiwe ni jiko dogo. Ndani yake mna kuni, na kuni hizo ni madini ya zinki. Zinki ikiliwa pole pole na dawa zilizomo, umeme hutoka. Mtu wa kwanza kutengeneza jiko la namna hii lenye zinki, kaboni na unga mweusi wa manganisi alikuwa Mfaransa Georges Leclanché, mwaka 1866. Lake lilikuwa chupa yenye maji ya chumvi ya amonia, halichukuliki mfukoni. Miaka 20 baadaye Mjerumani Carl Gassner aliyafanya maji yale kuwa uji mzito, akalifunga jiko lote ndani ya kopo la zinki. Ndilo jiwe tulijualo.

Hapo ndipo palipo na kiini cha jambo. Katika mawe ya namna hii ya kale, ambayo ndiyo ya bei nafuu na ndiyo yaliyoenea madukani, kopo lenyewe ndilo kuni. Yaani kuta za jiko ndizo zinazochomwa. Jiwe likitumika, kuta hupungua unene. Likitumika kupita kiasi, au likiachwa ndani ya tochi iliyosahauliwa bila kuzimwa, kuta hutoboka, na uji ule wenye chumvi na uchachu hutoka nje. Kwa kuwa wenye viwanda wajua haya, hulivika kopo koti la karatasi, la plastiki au la bati. Koti hilo huchelewesha, wala halizuii.

Tukiwa Tunduma hatukuweza kuacha kufikiri kwamba zinki nyingi ya Afrika ilitoka upande ule ule. Ukiifuata reli hadi karibu na mwisho wake, kisha ukashuka kusini kidogo, wafika Kabwe, mji ambao zamani uliitwa Broken Hill. Mgodi wake wa zinki na risasi ulianza mwanzoni mwa karne ya 20 na ukafungwa mwaka 1994. Udongo wa mitaa iliyo karibu nao una sumu ya risasi mpaka leo, na watoto wa mitaa ile wamepimwa damu na kukutwa nayo. Madini hayaachi kuuma kwa sababu tu watu wamemaliza kazi nayo, na neno hili tutalirudia tutakapofika kwenye visima.

Kuna mawe ya aina ya pili, ghali zaidi, yaitwayo ya alkali. Haya yalitengenezwa Marekani katika miaka ya 1950, na jina linalotajwa zaidi ni la Lewis Urry. Hapa kopo ni la chuma na haliliwi. Kuni, yaani zinki, ni unga uliowekwa katikati, na dawa yake ni potasi kali. Mwanachama atasema: basi haya hayawezi kutoboka. Kweli hayatoboki, lakini hutoa maji kwa njia nyingine. Zinki ikikaa ndani ya potasi hutoa hewa ya haidrojeni kidogo kidogo, hata jiwe likiwa limelala. Zamani wenye viwanda walitia zebaki ili kuituliza. Kwa kuwa zebaki ni sumu, nchi nyingi ziliikataza kuanzia miaka ya 1990, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeikataza katika betri karibu zote. Siku hizi zinki husafishwa sana na kutiwa madini mengine badala ya zebaki, hata hivyo hewa haikomi kabisa. Jiwe likiisha nguvu na kuendelea kubanwa litoe, hewa huzidi. Ili kopo lisipasuke kama fataki, kizibo cha upande wa bapa kimewekwa sehemu nyembamba ya kukatika kwanza. Ikikatika, hewa hutoka na potasi hufuata. Ule unga mweupe uuonao kama chumvi si kutu. Ni potasi iliyokutana na hewa tunayoivuta na kugeuka aina ya magadi.

Lililotushangaza ni jinsi potasi hiyo inavyotembea. Hutambaa juu ya waya, ikapanda chini ya ngozi ya waya ile, ikafika mbali na jiwe lilipokuwa. Fundi alitufungulia redio ambayo sanduku la mawe lilikuwa safi kwa kuwa mwenyewe alikwisha kulifuta, lakini waya ndani ulikuwa umeoza urefu wa kidole. Mwenye redio hiyo alidhani imekufa kwa radi.

Makosa yanayoharakisha mambo haya ni machache, nasi tutayasema bila kumwonea mtu haya. La kwanza ni kuchanganya jiwe jipya na kuukuu. Mawe ndani ya tochi hufuatana kwa mstari, na umeme ule ule hupita katika yote. Wafikirie watu wawili waliobeba gunia kwa mti mabegani, mmoja mwenye nguvu na mmoja mgonjwa. Mwenye nguvu hasimami. Humsukuma mgonjwa aende hata baada ya kuishiwa. Jiwe kuukuu lililoisha husukumwa kinyumenyume na lenzie jipya, likatoa hewa na kuvuja. Kadhalika usichanganye la alkali na la kawaida, wala kampuni mbili mbalimbali. Ukibadili moja, badili yote.

La pili ni kulisahau. Tochi ya akiba iliyowekwa juu ya kabati tangu msimu uliopita ndiyo itakayokutwa imeoza. Wale wanaokumbuka giza la Unguja, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme wa chini ya bahari ulipokuwa haufanyi kazi, wajua jinsi tochi zilivyonunuliwa wakati ule. Umeme uliporudi, ngapi zilitolewa mawe kabla ya kuwekwa?

La tatu ni joto. Dawa zote huenda mbio zaidi penye joto, na jiwe lililolala hujila lenyewe upesi zaidi. Jiwe lile lile litakaa muda mrefu zaidi katika baridi ya Mbozi kuliko katika bonde la Ziwa Rukwa, wilaya ya Momba, ambako jua lawaka kama letu. Hapa kwetu twaongeza na unyevu wa bahari. Kwa hiyo mawe ya akiba yasikae juu ya dari ya mabati wala dirishani. Friji haina haja. Chini ya kitanda, penye kivuli na pakavu, patosha.

La nne twaliweka peke yake kwa kuwa limeenea mno, bara na visiwani. Mawe yakichoka watu huyaanika juani, huyapasha karibu na moto, huyagonga kwa jiwe la kweli, au huyauma kwa meno. Na kweli, tochi huwaka tena kidogo! Hakuna uchawi. Joto huamsha dawa iliyobaki, na kugonga au kuuma husogeza uji ufike mahali palipokuwa pamekauka. Lakini kumbuka kuta za zinki wakati huo zimekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Mtu hupata nusu saa ya mwanga, naye amelitoboa jiwe kwa mkono wake mwenyewe, kisha alirudisha ndani ya tochi. Anayeuma huweka na uji ule kinywani. Na jiwe la kawaida lisitiwe kamwe katika mashine ya kuchaji ya mawe mengine, wala lisitupwe motoni, hupasuka.

Tukaja kwenye dawa yake. Kwanza tambua ni jiwe gani lililovuja, kwa sababu dawa zao zapingana. Tazama herufi zilizoandikwa ubavuni. Likiandikwa R20, R6 au R03, ni la kawaida la zinki, na maji yake ni ya uchachu. Likiandikwa LR20, LR6 au LR03, yaani limeongezwa L mbele, ni la alkali, na maji yake ni ya potasi. Uchachu huvunjwa na magadi ya kupikia yaliyokorogwa katika maji kidogo. Potasi huvunjwa na siki au maji ya ndimu. Ukikosea ukatia ndimu juu ya uchachu, wauongezea nguvu. Wala tusemapo magadi hatumaanishi ile dawa kali ya kutengenezea sabuni. Hiyo huchoma ngozi.

Kabla ya kugusa, vaa mfuko wa plastiki mkononi na ufanye kazi penye hewa, mbali na macho ya watoto wanaochungulia. Toa mawe. Yakinata usiyapige nyundo. Gonga ubavu wa tochi taratibu juu ya mbao. Kung'uta unga mkavu juu ya gazeti kwa mswaki wa zamani, usipulize kwa mdomo. Kisha lowesha pamba iliyozungushwa kwenye kijiti kwa dawa inayofaa, matone tu, usimimine. Itatoa povu kidogo. Likitulia, futa kwa kitambaa chenye maji safi, kisha kwa kitambaa kikavu, na uache wazi hadi ikauke kabisa. Sehemu za chuma zilizobaki na weusi zikwanguliwe kwa msasa laini hadi zing'ae, maana umeme haupiti juu ya uchafu. Springi iliyoliwa hadi kukatika hailiwi tena dawa; fundi ataweka nyingine na kuilehemu kwa bei ndogo kuliko tochi mpya. Yule wa Tunduma humalizia kwa kupaka mafuta mgando kwa ncha ya kidole, kiasi cha kung'arisha tu, ili unyevu usishike, nasi tumeona hilo lafaa zaidi huku kwetu kuliko kwake.

Potasi ikigusa ngozi, osha kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi bila kusimama, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia. Siki na ndimu ni za tochi, si za jicho. Na yale mawe madogo bapa kama kifungo, ya saa na ya vitu vya kuchezea, mtoto akimeza moja asingojewe hata saa moja. Huchoma koo ndani ya saa mbili tu. Mpelekeni mbio.

Yafaa pia mnunuzi ajue anachonunua. Mawe ya LR yamejaa zaidi, kwa hiyo ni mazito. LR6 huwa na gramu 23 hivi, na R6 huwa kati ya gramu 15 na 18. Sisi watu wa mizani hatuna sababu ya kudanganywa: jiwe lililoandikwa alkali kwa herufi kubwa likapimwa gramu 16, maandishi yake yasema uongo. Tazama na tarehe ya mwisho. Jiwe la alkali waweza pia kulipima kwa kuliangusha wima, upande wa bapa chini, kutoka kimo cha vidole vitatu juu ya meza ngumu. Zima hutua puu, likasimama au kulala, lililotumika hurukaruka. Sababu ni kwamba zinki yake, iliyokuwa kama uji, imeshikamana kama saruji. Lakini lisemalo ruka halisemi limeisha kabisa, kwa kuwa huanza kuruka likiwa limefika nusu. Kwa mawe ya R mtihani huu haufai.

Sasa visima. Mawe yaliyokwisha twayatupa wapi? Tuseme kweli: chooni, jalalani, au shambani chini ya mikarafuu. Wengine huyavunja na kutumia unga mweusi kupakia mbao za skuli, na watoto huchezea vijiti vya kaboni. Unga ule ni manganisi. Huko Japani, karibu na mwaka 1940, watu 25 wa familia jirani waliugua ugonjwa usiojulikana: walilegea, wakakakamaa misuli, wakachanganyikiwa akili, na baadhi wakafa. Ilipochunguzwa, ilikutwa kwamba karibu na kisima walichokunywa yalikuwa yamefukiwa mawe yapatayo 400 ya taa za baiskeli, baadhi yakiwa mita mbili tu kutoka kisimani. Wazee ndio walioumia zaidi. Mawe 400 yaonekana mengi, lakini tochi moja ya mawe matatu ikibadilishwa kila mwezi hula mawe 36 kwa mwaka, na katika mtaa wa nyumba kumi na mbili hesabu hiyo inapita 400 kabla ya msimu kurudi.

Kwa hiyo twashauri kila nyumba itenge chupa ya plastiki yenye kifuniko, mawe yaliyokwisha yatiwe humo, na chupa ikae pakavu, mbali na kisima, choo na mikono ya watoto. Chupa zikijaa, wanachama wa mtaa mmoja wazikusanye pamoja na kuzikabidhi manispaa au halmashauri, zikiwa na jina la vilivyomo, zisichanganywe na taka za jikoni. Anayetumia tochi kila usiku atazame na zile za kuchaji kwa jua, ambazo hupunguza mawe ya kutupa. Ila betri yake ikivimba asiitoboe wala kuendelea kuichaji.

Limebaki neno moja kuhusu mizani za betri, ambazo baadhi ya wanachama hupimia karafuu nyumbani kabla ya kwenda kuuza. Mizani iliyovujiwa yaweza kuwaka vizuri baada ya kusafishwa na bado ikasema uongo, kwa kuwa potasi imefika kwenye waya wa kipimo. Baada ya kuisafisha, iweke saa nzima bila kitu uone kama sifuri inatulia, kisha weka mfuko wa sukari wa kilo moja ambao haujafunguliwa, halafu miwili, halafu mitano. Ikitofautiana na mfuko kwa zaidi ya gramu chache, ipelekwe kwa watu wa vipimo kabla ya gunia la kwanza.